Laptopu Imekwama Gigahezi 0.79: Mtafute Anayeiamuru Prosesa Ishuke

Dalili haifichiki. Mashine ya Core i5 iliyokuwa ikifungua Excel kufumba na kufumbua sasa inachukua dakika nzima. Kishale cha kipanya kinarukaruka, video inakatakata, na ukiandika, herufi zinajitokeza baada ya vidole kuondoka. Ukibonyeza Ctrl+Shift+Esc na kwenda sehemu ya Performance, unakuta kwenye Speed pameandikwa 0.79 GHz, na namba hiyo haisogei hata ufungue nini. Asilimia ya matumizi iliyo pembeni inaweza kusoma 100, au ikaishia 30 hivi huku mashine inagugumia. Isikupotoshe. Namba ya kutazama ni ya Speed.

Watu wengi hapa huambiwa prosesa imekufa, au Windows ipigwe upya. Prosesa ikifa, laptopu haiwaki. Hii ni nzima, ila imepewa amri ya kushuka mpaka chini na inatii. Kazi yako ni kumtafuta anayetoa amri.

Kwenye laptopu za Intel amri hiyo mara nyingi hupita kwenye ishara moja iitwayo PROCHOT. Kazi yake ya asili ni prosesa kutangaza kwamba imepata joto kupita kiasi. Lakini kwenye laptopu ishara hiyo husafiri pande zote mbili, ndiyo maana huandikwa BD PROCHOT: vifaa vingine kwenye ubao mama navyo vinaweza kuivuta, na ikivutwa prosesa hushuka papo hapo hata kama yenyewe ni ya baridi. Anayeivuta anaweza kuwa chipu ya EC, ambayo husimamia chaja, betri, feni na kibodi. Anaweza kuwa chipu ya kuchaji, saketi inayoigawia prosesa umeme, au sensa ya joto iliyo mbali kabisa na prosesa.

Namba yenyewe ina maana. Saa ya msingi ni megahezi 100 hivi, na prosesa huizidisha. Kizidishi cha chini kikiwa 8 utaona 0.79 au 0.80, kikiwa 5 utaona 0.49, kikiwa 4 utaona 0.39. Ukiiona mojawapo imeganda, ujue prosesa yako imefika sakafuni.

Hakikisha imekwama kweli

Laptopu isiyo na kazi kushuka hadi 0.8 ni jambo jema, inaokoa betri. Kosa ni kubaki hapo wakati kazi ipo. Fungua 7-Zip, programu ya bure ya kubana mafaili, nenda Tools kisha Benchmark, iache ifanye kazi nusu dakika huku unatazama Speed. Prosesa kama i5-8250U, ambayo kasi yake ya msingi ni gigahezi 1.6 na kilele chake 3.4, inapaswa kupita 1.6 bila taabu.

Rudia kipimo hicho mara tatu na uandike matokeo: chaja ikiwa imechomekwa, chaja ikiwa imechomolewa, kisha ukiwa umewasha laptopu kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, bila kuisakinisha, kwa mfano Ubuntu ukichagua kuijaribu tu. Huko fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

na kwenye dirisha la pili `yes > /dev/null` ili kuipa prosesa kazi (Ctrl+C kuisimamisha). Kasi ikipanda kwenye Linux lakini si kwenye Windows, kosa ni la mipangilio. Ikibaki chini kote kuwili, acha kuhangaika na Windows, tafuta kwenye vifaa na BIOS, yaani programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows. Hapo tayari umeepuka kulipia upigaji wa Windows usiokuwa na faida.

Dalili ya kwanza: iko chini ukiwa na chaja, ukichomoa chaja kasi inarudi

Hii ndiyo inayojitokeza zaidi, hasa kwenye Dell, na ndiyo rahisi kuitibu. Laptopu haijaitambua chaja, kwa hiyo haijui chaja inaweza kutoa wati ngapi, na inachagua usalama: inakataa kuchaji betri, na inaishusha prosesa. Ukichomoa, inarudi kwenye betri inayoijua, na kasi inapanda mbele ya macho yako.

Kitazame kichwa cha chaja ya Dell yenye mdomo wa duara. Ganda la nje ni hasi, ganda la ndani ni chanya, volti 19.5. Katikati kuna pini nyembamba kama sindano, nayo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni mazungumzo: ndani ya chaja kuna chipu ndogo, na kupitia pini hiyo inaiambia laptopu, mimi ni wati 65, au 90, au 130. Pini ikipinda, au waya wake mwembamba ukikatika pale kebo inapojikunja karibu na kichwa, au chipu yenyewe ikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, mazungumzo yanakatika wakati umeme unaendelea kupita.

Ndiyo maana multimita huwadanganya wengi. Unapima, unapata 19.5 kamili, unasema chaja nzima. Volti ni nzima. Utambulisho ndio uliokufa.

Anza hivi. Zima laptopu, iwashe huku unagonga F2, na kwenye BIOS ya Dell tafuta taarifa za betri. Hapo pameandikwa aina ya chaja. Ikisoma wati, kwa mfano 65W, imetambulika. Ikisema haijulikani, mkosaji umeshampata. Ujumbe unaotokea wakati wa kuwaka, kwamba aina ya chaja haitambuliki, ni ushahidi uleule. Wengi huupita kwa kubonyeza kitufe kila asubuhi hadi wanausahau. Kuna mahali kwenye BIOS pa kuzima maonyo ya chaja. Kuyazima kunaficha ujumbe tu, kasi haitarudi.

Azima chaja ya asili yenye wati zilezile au zaidi, ujaribu. Wati nyingi kuliko zinazohitajika hazidhuru, laptopu huchukua inazohitaji. Chache ndizo tatizo. Usikubali chaja ya kufananisha inayouzwa kwa ukubwa wa kichwa peke yake: pini yake inaweza kuwepo bila chipu yoyote nyuma yake. Anayenunua laptopu ya mtumba, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, aulize habari za chaja kabla ya kuuliza RAM, na aiwashe palepale aingie BIOS aone wati.

HP zenye kichwa chembamba cha bluu na Lenovo zenye kichwa cha mstatili nazo hutumia pini ya katikati kutambua chaja, kwa hiyo kipimo ni kilekile: chaja nyingine inayojulikana kuwa nzima.

Chaja nzima nayo ikikataa, tazama tundu. Mulika kwa tochi ya simu uone kama kuna uchafu, pini iliyolala upande, au rangi ya kijani ya kutu, ambayo hewa ya chumvi ya pwani huiharakisha. Kwenye Dell Latitude nyingi tundu hilo ni kipande cha peke yake chenye kebo fupi inayochomekwa kwenye ubao mama, halijaunganishwa kwa risasi. Kulibadilisha ni kazi ya bisibisi. Mwambie fundi hivyo mapema, asije akakutajia bei ya ubao mzima.

Kwa laptopu zinazochajiwa kwa USB-C, makosa ni mawili. La kwanza ni chaja ya simu: inaweza kuchaji laptopu ikiwa imelala, lakini ikifanya kazi haitoshi. La pili ni waya, na hapa wengi hupotea. Waya wa kawaida wa USB-C hadi USB-C hubeba ampea 3, yaani kwa volti 20 ni wati 60 basi. Chaja ya wati 65 inahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu yake ndani. Ukiunganisha chaja nzuri na waya wa simu, laptopu itaiona kuwa ndogo kuliko ilivyo. Tumia waya uliokuja na chaja hiyo.

Ukishabadilisha chaja, tundu na waya, na BIOS bado haitambui, kosa limeingia kwenye ubao: njia ya ishara kati ya tundu na chipu ya EC imeungua au imekatika. Hapo si pa kuchezea mwenyewe.

Dalili ya pili: iko chini ukiwa kwenye betri, chaja ikiingia inapona

Tazama kwanza hali ya kuokoa betri. Kwenye Windows 11 fungua Settings, System, Power & battery, uone Power mode iko wapi. Ikiwa iko sawa, fungua Command Prompt kwa ruhusa za msimamizi uandike

`powercfg /batteryreport`

Windows itatengeneza faili ya ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Linganisha Design Capacity, uwezo wa betri ikiwa mpya, na Full Charge Capacity, uwezo wake wa leo. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, betri imechoka. Betri iliyochoka haiishi haraka tu: prosesa inaporuka kwenda juu huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti ya betri inaporomoka, na laptopu inajilinda kwa kushusha kasi au inazimika.

Betri ikiwa imevimba, acha hapo. Utaiona pedi ya kugusa imeinuka, au mfuniko wa chini haukai sawa mezani. Zima, chomoa chaja, usiiminye, usiitoboe, usiendelee kuitumia hata kwa siku moja.

Kuna laptopu nyingine ambazo zikikosa betri kabisa hushusha kasi hata chaja ikiwa nzuri, kwa sababu chaja peke yake haiwezi kubeba vilele vya matumizi. Ikiwa uliitoa betri mbovu na ndipo mashine ikawa nzito, sababu unayo.

Dalili ya tatu: iko chini kila wakati, na mashine ni ya baridi

Hapa anza na lililo rahisi, mipangilio ya Windows. Programu za "kuharakisha kompyuta", au mtu aliyetaka laptopu isipate joto, huacha kiwango cha juu cha prosesa kikiwa asilimia 5 au 20. Rudisha kwa amri hizi, moja moja, katika Command Prompt ya msimamizi:

`powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 100`
`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 100`
`powercfg /setactive scheme_current`

Ya kwanza ni ya wakati wa chaja, ya pili ya betri. Zisipobadilisha kitu, `powercfg /restoredefaultschemes` inarejesha mipango yote ya umeme ilivyokuwa, na kufuta uliyotengeneza mwenyewe.

Kisha fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute tukio namba 37 kutoka Kernel-Processor-Power. Tukio hilo linasema kasi ya prosesa inabanwa na mfumo wa chini, yaani BIOS na wenzake. Ukiliona limejirudia kwa kila kiini cha prosesa, Windows haina hatia.

Sasa fukuza umeme uliobaki ndani. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Kama ni ya ndani, fungua mfuniko uchomoe kiunganishi chake. Kwenye ThinkPad za Lenovo unaweza kuizima kupitia BIOS, Config, Power, Disable built-in battery. Shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 30, rudisha, washa. Chipu ya EC hubaki macho hata laptopu ikizimwa, na ikishika hali potofu haiiachi mpaka ikose umeme kabisa. Ni hatua ya dakika tano, usiiruke.

Ikishindikana, sasisha BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa modeli yako hasa. Tatizo hili limewahi kutokana na mfumo wa chini wenyewe: mwaka 2019 watumiaji wa Surface Pro 6 na Surface Book 2 waliona mashine zao zikiganda kwenye gigahezi 0.4, na Microsoft ikakiri tatizo. Lakini sikiliza masharti. Usisasishe BIOS kwenye nyumba ambayo umeme unakatika kama betri yako haishiki chaji. Umeme ukikatika katikati, ubao unaweza usiwake tena. Na kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la siri la Windows, isimamishe kwanza na uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48, la sivyo utafungiwa nje ya faili zako.

Ukitaka kumwona anayevuta kamba, tumia ThrottleStop, programu ya bure inayopatikana kwenye tovuti ya TechPowerUp. Ni ya Intel tu. Bonyeza Limits. Kisanduku chekundu ni kinachobana sasa hivi. Cha njano kilibana mapema. BD PROCHOT ikiwa nyekundu wakati joto la prosesa ni nyuzi 45, umethibitisha kwamba amri inatoka nje ya prosesa.

Kwenye dirisha kuu la programu hiyo kuna alama ya BD PROCHOT. Ukiiondoa, prosesa haisikilizi tena amri ya nje, na mara nyingi kasi inaruka juu saa hiyohiyo. Kwenye Linux kazi ni ileile kwa msr-tools, zana za kusoma na kubadilisha mipangilio iliyo ndani ya prosesa:

`sudo modprobe msr`
`sudo rdmsr -p 0 0x1FC`

Ukijibiwa mfano 4005d, punguza moja mwishoni:

`sudo wrmsr -a 0x1FC 0x4005c`

Namba yako inaweza kuwa tofauti; andika ya kwako, usinakili hii. Herufi au tarakimu ya mwisho ikiwa tayari ni shufwa (0, 2, 4, 6, 8, a, c, e), ishara imeshazimwa na tatizo liko kwingine. Ukikataliwa ruhusa, huenda Secure Boot, ulinzi wa kuwaka uliomo kwenye BIOS, ndiyo inayozuia. Mabadiliko haya hupotea ukizima mashine, na mara nyingine hata ikilala tu.

Elewa unachokizima. Prosesa inabaki na ulinzi wake yenyewe: ikikaribia nyuzi 100 itajishusha, na ikizidi sana itazima mashine. Usichobaki nacho ni ulinzi wa wengine wote. Kama ishara ilivutwa na sensa iliyoharibika, umetibu. Kama ilivutwa kwa sababu saketi ya umeme inaungua, au chaja ya wati 45 inabebeshwa mzigo wa 65, umemnyamazisha aliyekuwa anakupigia kelele za moto. Itumie kama kipimo, au kama fimbo ya kutembelea mpaka upate kifaa kipya. Baada ya kuizima, gusa chaja baada ya dakika 15 za kazi: ikiwa huwezi kuishika, rudisha alama mahali pake.

Wenye prosesa za AMD hawana njia hii. Chaja, betri, kufukuza umeme na BIOS vinabaki vilevile.

Dalili ya nne: inawaka vizuri, baada ya dakika chache inaporomoka

Hili ni joto. Sikiliza feni. Ikiwa kimya huku mashine inachoma mapaja, imekufa au imechomoka. Ikiunguruma lakini hewa haitoki pembeni, vumbi limeziba. Na vumbi hilo halikai pale unapoliona: linajisuka kama mkeka kati ya feni na mapezi ya shaba, ndani. Kupuliza kutoka nje hulisukuma tu. Fungua mfuniko, chomoa betri, toa feni, uubandue mkeka kwa vidole. Ukipuliza, zuia feni kwa kijiti isizunguke.

Baada ya miaka kadhaa pesti ya joto iliyo juu ya prosesa hukauka kama chokaa. Ifute kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochongwa pembeni yake, kidogo kidogo kila moja. Dawa ya meno siyo mbadala. Hukauka baada ya muda mfupi.

Dalili ya tano: inakwama baada ya kulala

Ukifunga mfuniko na kufungua, kasi iko chini. Ukiwasha upya inapona. Mara nyingi ni EC isiyosoma chaja upya. Chomoa chaja, subiri sekunde 10, chomeka. Ikirudia, zima kabisa kwa `shutdown /s /t 0` badala ya kulaza, na sasisha BIOS.

Pa kusimama na kumwita fundi

Simama kama kuna harufu ya kuungua, kama maji au chai ilimwagika hata wiki mbili zilizopita, kama sehemu moja ya ubao inachoma kidole sekunde chache baada ya kuwasha, au kama betri imevimba. Simama pia kama waranti haijaisha. Kufungua kunaweza kuivunja.

Chagua fundi anayefanya kazi za ubao, mwenye darubini na mashine ya hewa moto, na umpelekee karatasi uliyoandika: kasi ukiwa na chaja, kasi bila chaja, kasi kwenye Linux, BIOS inasema chaja ya wati ngapi, na kisanduku gani kilikuwa chekundu. Peleka na chaja unayoitumia kila siku, kwa sababu laptopu ikipimwa kwa chaja ya dukani inaweza kupona mezani kwa fundi na kukwama tena ukifika nyumbani.